Kwani Hatumwamini Pasta?

Maandiko ya wiki: Isaya 33:22, 2 Mambo ya Nyakati 26:16–21, 1 Wafalme 21:1–16, 2 Wakorintho 8:18–21



Wale mliobaki kwa mkutano wa washirika baada ya ibada ya pili mwezi uliopita mnakumbuka vile watu walinyamaza. Dada mmoja alisimama akapendekeza kwamba pesa za ujenzi zisitoke tena kwa mkono wa mtu mmoja. Alitaka watu watatu: mmoja wa kuomba, mmoja wa kuidhinisha, mmoja wa kukagua, na ripoti isomwe hapa mbele kila baada ya miezi mitatu. Aliongea kwa heshima, hata sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Kabla hajaketi, mzee mmoja ninayempenda sana akainuka akauliza, "Kwani hatumwamini pasta?"

Pasta aliyekuwa akizungumziwa ni mimi. Mimi ndiye niliyepewa kusimamia ujenzi. Watu waligeuka wakaniangalia, na nilijua wanangoja niseme kitu. Nilisema tu kwamba tutaliombea jambo hilo. Mkutano ukafungwa kwa maombi, tukaenda kunywa chai.

Nimeliombea. Ninayoandika leo ndiyo niliyopata, na ninaandika kwa ruhusa ya Mchungaji Mkuu na baraza la wazee. Swali la yule mzee si dogo, na si letu peke yetu. Taifa letu limejiuliza swali hilo tangu uhuru: ukimwekea kiongozi mipaka, umemtukana? Kama ni mtu mwema, mbona umpimie mamlaka kidogo kidogo kama mtu unayemshuku? Nitaanza na Katiba yetu, nipitie kwa Neno, halafu niseme langu.

Mamlaka ni ya nani?

Mwaka 2010 nilikuwa chuoni nasomea biashara. Mnakumbuka kampeni ya kura ya maamuzi: kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa Hapana. Viongozi wengi wa makanisa walikuwa upande wa nyekundu, kwa sababu ya kifungu kinachogusa uhai wa mtoto aliye tumboni, na kile cha mahakama za Kadhi. Sitafungua mjadala huo hapa. Ninachosema ni kwamba tulibishana sana juu ya kurasa mbili tatu, na zile zingine hatukuzisoma. Kura ikapigwa tarehe 4 Agosti, na tarehe 27 Agosti Katiba ikazinduliwa rasmi pale Uhuru Park. Mimi niliisoma yote miaka mingi baadaye. Niliisoma vile mtu wa hesabu husoma vitabu vya kampuni, nikitafuta ni nani anashika nini, na ni nani anamwangalia.

Kifungu cha kwanza kabisa kinaweka mamlaka yote mikononi mwa watu wa Kenya. Halafu watu hao wanayakabidhi kwa wengine, na wanayakabidhi yakiwa yamegawanywa. Bunge na mabunge ya kaunti yanapewa kutunga sheria. Rais na mawaziri, pamoja na serikali za kaunti, wanapewa kutekeleza. Mahakama zinapewa kuamua. Tena kazi inagawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47, na Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa.

Ukiangalia vizuri, hakuna mtu hata mmoja aliyepewa kitu kizima. Bunge lenyewe ni nyumba mbili: Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 na Seneti yenye maseneta 67, bila kuhesabu maspika. Rais anateua mawaziri, lakini Bunge la Kitaifa lazima liwapige msasa na kuwaidhinisha, na waziri hawezi kuwa mbunge kwa wakati huo huo. Rais anamteua Jaji Mkuu, lakini jina linatoka kwa Tume ya Huduma za Mahakama, na Bunge la Kitaifa lazima likubali. Jaji akishaapishwa, Rais hawezi kuamka asubuhi moja akamfuta. Jaji lazima astaafu akifika miaka 70, na Jaji Mkuu hapiti miaka 10 kwa kiti hicho. Rais naye ana vipindi viwili vya miaka 5, basi. Akikosa sana, thuluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Kitaifa ndio wanaopitisha mashtaka, na thuluthi mbili ya maseneta ndio wanaoamua. Anayeshtaki si yule anayehukumu. Oktoba 2024 tuliona njia hiyo ikitumika kwa Naibu Rais, uwe ulifurahi siku ile au ulihuzunika.

Upande wa pesa ndio ulionigusa zaidi. Darasani tulifundishwa jambo moja rahisi: anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika kitabu, na anayeandika kitabu asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Katiba imefanya hivyo hivyo na pesa za nchi. Bunge linaidhinisha bajeti. Wizara inaomba. Kabla pesa hazijatoka kwa mfuko mkuu wa serikali, Msimamizi wa Bajeti lazima akubali kwamba zinatoka kwa mujibu wa sheria. Zikishatumika, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaangalia vitabu na kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na ripoti hiyo inapelekwa kwa Bunge au bunge la kaunti. Hao wawili, Msimamizi na Mkaguzi, wanapewa kipindi kimoja cha miaka 8 na hawawezi kuongezewa kingine. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Aliyeandika alijua kwamba mtu anayetafuta kuongezewa kazi huanza kumfurahisha bosi.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katiba yetu imeweka fahali watatu, halafu ikajenga ua katikati yao.

Tulishaonja

Kuna mtu atasema, pasta, hiyo ni kazi nyingi na gharama nyingi, si afadhali tupate mtu mmoja mwema atuongoze tu? Nakubali ni gharama. Maafisa wengi, mishahara mingi, mabishano mengi, na kazi nyingine inachelewa. Lakini ile njia nyingine pia tulishaijaribu.

Mwaka 1986 Katiba ya zamani ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikabadilishwa tena, na majaji nao wakaondolewa ulinzi huo. Ulirudishwa mwaka 1990. Hesabu ya miaka hiyo ni midogo, lakini fikiria uko kwa kiti cha jaji, na unajua aliye upande mmoja wa kesi anaweza kukufuta kazi. Utahukumu namna gani? Mahakama ilibaki na jengo na majoho, lakini watu wakajifunza kutoitegemea.

Madhara ya kutotegemea mahakama tuliyaona baadaye. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipogombaniwa, wale walioshindwa walisema hawaoni haja ya kwenda kortini. Hawakuamini kwamba kuna mtu huko ndani atakayewasikiza. Ugomvi ukaingia barabarani na vijijini. Watu zaidi ya elfu moja walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wengine wetu tumekaa kwa viti hivi karibu na watu waliopoteza ndugu wakati huo.

Sasa linganisha na mwaka 2017. Uchaguzi wa Agosti 8 ulipogombaniwa, kesi ilipelekwa kwa Mahakama ya Juu. Katiba inawapa majaji siku 14 tu kuamua kesi ya urais. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Rais akasema hakubaliani na uamuzi huo lakini atauheshimu, na kura ikarudiwa tarehe 26 Oktoba. Sitasema mambo yalikuwa safi. Kulikuwa na maneno makali kwa majaji, na kuna watu walipoteza maisha katika msimu ule wa uchaguzi. Lakini safari hii aliyehisi kudhulumiwa alikuwa na mlango wa kubisha, na aliyekuwa ndani alifungua.

Mungu peke yake

Turudi kwa Neno. Isaya 33:22 inataja kazi tatu na kuzipa zote kwa Bwana: yeye ndiye mwamuzi wetu, yeye ndiye mtoa sheria wetu, yeye ndiye mfalme wetu. Hizo ndizo kazi tatu za serikali. Na nabii hasemi kwamba kuna binadamu anayezishika pamoja. Anayeweza kutunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu bila kupotoka ni Mungu peke yake, kwa sababu yeye hana tamaa ndani yake ya kumdanganya. Sisi tuko na moyo ambao Yeremia 17:9 inasema ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana katika Israeli mfalme hakuwa kuhani, na kuhani hakuwa mfalme, na nabii angeweza kumfikia mfalme na kumwambia umekosa. Kumbukumbu la Torati 17 inamwekea mfalme mipaka hata kabla mfalme hajapatikana: asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu nyingi, na aandike nakala ya sheria kwa ajili yake mwenyewe aisome siku zote, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mfalme naye yuko chini ya kitabu.

Sasa mwangalie Uzia. Hakuwa mfalme mbaya. Alianza akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52, akamtafuta Mungu, akajenga minara, akachimba visima, akapenda kulima. Biblia inasema alisaidiwa kwa namna ya ajabu hadi akawa na nguvu, na akishakuwa na nguvu ndipo moyo wake ukainuka. Alitaka nini? Hakutaka kuiba. Alitaka kuingia hekaluni afukize uvumba. Ni jambo la kiroho kabisa! Kama angekuwa mheshimiwa wa siku hizi tungempigia makofi, tuseme huyu kiongozi anampenda Mungu hadi anahudumu mwenyewe madhabahuni. Lakini mlango ule haukuwa wake. Azaria kuhani akamfuata pamoja na makuhani 80, wanaume mashujaa, wakasimama mbele yake wakamwambia atoke. Mfalme akakasirika, chetezo kikiwa mkononi, na ukoma ukamtokea kwa paji la uso.

Nilipoisoma sura hiyo nilikumbuka uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 31 Machi 2022 kuhusu BBI. Waliouanzisha mpango ule walisema nia ni kuunganisha nchi, na sitahukumu mioyo yao. Mahakama haikuuliza kama nia ni nzuri. Iliuliza mlango ni wa nani. Ikasema ile njia ya wananchi kuanzisha mabadiliko ya Katiba ni ya wananchi, na Rais hawezi kuingilia hapo. Ukiwa na nia njema bado kuna milango ambayo si yako.

Ua bila watu

Lakini tusije tukafikiri kwamba ukishachora vyeo vizuri kwa karatasi umemaliza. Soma habari za shamba la Nabothi, 1 Wafalme 21. Nimezihubiri mara nyingi kama habari za mwanamke mbaya, na nikapita haraka kitu kingine. Wazee wa mji walikuwepo. Kikao cha watu kilikuwepo. Mashahidi walikuwa wawili, vile sheria ilivyotaka. Mashtaka yalisomwa mbele ya watu. Hakuna hatua iliyorukwa! Na mtu asiye na kosa akapigwa mawe. Kilichotokea ni kwamba barua iliandikwa kwa jina la Ahabu, ikapigwa muhuri wake, na kila mwenye cheo katika mji ule akafanya alivyoambiwa. Yezebeli hakuhitaji kuvunja ua. Walinzi walimfungulia.

Weka Azaria na makuhani wake 80 upande mmoja, na wazee wa Yezreeli upande mwingine. Wote walikuwa na vyeo halali. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza walikumbuka cheo chao ni cha nini siku ile mfalme alipokuwa mlangoni. Kwa hivyo Katiba inaweza kutupa Bunge, lakini haiwezi kumpa mbunge uti wa mgongo. Sura ya Sita inasema cheo cha umma ni amana, na aliyepewa amepewa ili atumikie watu, si ili awatawale. Maneno mazuri. Lakini mbunge akigeuka kuwa mpiga muhuri wa mwingine, au diwani akinyamaza kwa sababu gavana amempa kandarasi ya barabara, tutakuwa tunalipa mishahara ya mikono mitatu na tunapata mkono mmoja. Hapo ndipo maombi yetu na kura zetu zinahitajika, na hapo ndipo vijana wetu waliookoka wanaofanya kazi za serikali wana huduma, hata kama hawajawahi kushika kipaza sauti.

Wapakwa mafuta

Najua kuna ndugu ambaye tayari ana andiko mkononi: tusiwaguse wapakwa mafuta wa Bwana. Nalipenda hilo andiko na ninaliogopa. Lakini tuangalie aliyeliishi zaidi ya wote. Daudi alikuwa na Sauli mkononi ndani ya pango, na hakunyoosha mkono. Halafu akafanya nini? Alitoka nje na kipande cha vazi mkononi, akamwita mfalme mbele ya majeshi, akamwambia wazi kwamba anamdhulumu, na akaomba Bwana aamue kati yao (1 Samweli 24). Kutomdhuru kiongozi ni jambo moja. Kutomuuliza kitu ni jambo lingine kabisa.

Na Samweli je? Baada ya miaka yote ya huduma alisimama mbele ya Israeli akawauliza nimechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimepokea rushwa kwa nani (1 Samweli 12). Alijipeleka mwenyewe kwa mkaguzi. Lakini sura chache kabla ya hapo tunasoma kwamba wanawe, aliowaweka kuwa waamuzi, walipenda faida na kupokea rushwa. Kiti ni kile kile. Watu wakiwa na Samweli, husahau kwamba siku moja kwa kiti hicho atakaa mwana wa Samweli. Mipaka inawekwa siku za Samweli, kwa sababu siku za wanawe hakuna atakayekubali iwekwe.

Paulo naye alikuwa mtume, na alipobeba mchango wa makanisa kwenda kwa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe. Sababu anaitaja: hakutaka mtu awalaumu juu ya pesa nyingi hizo, na alijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama kuna mtu angeweza kusema "niaminini tu," ni Paulo. Hakusema.

Langu

Sasa nifike kwa sehemu ambayo nimeiandika mara tatu na kuifuta.

Laini ya simu inayopokea pesa za ujenzi ilikuwa kwa jina la kanisa lakini simu ilikuwa kwa mfuko wangu. Namba ya siri niliijua mimi peke yangu. Januari ya mwaka huu karo ya mtoto wetu ilikuwa imebaki deni, na shule ilisema asirudi bila pesa. Usiku wa Jumapili nilitoa shilingi 22,000 kwa laini ile. Nilijiambia nitarudisha Ijumaa. Ijumaa ilikuja na shida yake. Nilirudisha kwa vipande vitatu, na kipande cha mwisho kiliingia baada ya wiki tano. Kwa daftari sikuandika kitu. Mama watoto aliponiuliza karo imetoka wapi, nilimwambia Bwana amefungua mlango.

Katika wiki hizo tano nilihubiri hapa mara mbili. Hakuna aliyeniuliza chochote, kwa sababu hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuniuliza.

Kinachonitisha hadi leo si zile pesa. Zilirudi zote, na rekodi ya M-Pesa ya miezi yote iko kwa mweka hazina, mshirika yeyote anaweza kuiomba aione. Kinachonitisha ni vile ilikuwa rahisi, na vile nilikuwa na amani. Mimi ndiye niliyetunga sheria kwamba kukopa kidogo si kuiba. Mimi ndiye niliyeitekeleza kwa kubonyeza simu. Mimi ndiye niliyekaa kama hakimu, nikasikiza kesi yangu, nikajiachilia huru. Nilikuwa Bunge, Rais na Mahakama kwa wakati mmoja, na nilitawala wiki tano bila upinzani. Hata maandiko nilikuwa nayo: mtenda kazi anastahili ujira wake, Daudi alikula mikate ya wonyesho. Moyo mdanganyifu hauji na maneno ya shetani. Kwa mtu wa kanisa, unakuja na Biblia.

Nilipomweleza Mchungaji Mkuu alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia, "Ndugu yangu, umekosa, na utawaambia wenye pesa. Lakini na sisi wazee tumekosa. Tulikuachia ufunguo peke yako, tukaita hiyo imani." Mama watoto nilimwambia usiku huo huo. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya Mchungaji.

Kwa hivyo mzee wangu, swali ulilouliza mkutanoni ulilitoa kwa upendo, ulikuwa unanilinda. Naomba nikujibu kama mtoto wako. Mniamini, lakini msiniache peke yangu na ufunguo. Kama yule dada angekuwa amesimama mwaka uliopita, mimi ningelala usingizi Januari. Alichopendekeza hakikuwa tusi. Kilikuwa ni ndugu wa kutembea na mimi, vile Tito alivyotembea na wale wengine. Dada, nakuomba msamaha kwamba nilikaa kimya ukabaki umesimama peke yako.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mkutano utakaa tena. Pendekezo litasomwa: watatu kwa pesa, na hakuna wawili kati yao watakaotoka nyumba moja, ripoti kila miezi mitatu, na mkaguzi asiyekuwa mzee wala pasta, anayebadilishwa kila baada ya miaka miwili. Mtaamua pia kama mimi niendelee na ujenzi au apewe mwingine. Simu na laini nimesharudisha. Sitakuwa ndani ya chumba mkizungumza habari yangu, na lolote mtakaloamua nitalikubali. Hiyo kazi ilikuwa yenu tangu mwanzo, mimi nilikuwa nimekabidhiwa tu.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, someni 2 Mambo ya Nyakati 26 na 1 Wafalme 21 pamoja, na kila mmoja aseme ni ufunguo gani ameshika peke yake: nyumbani, kazini, kwa chama, kwa biashara. Halafu aseme ni nani anaweza kumuuliza.

Tuombe. Baba, wewe ni mwamuzi wetu, mtoa sheria wetu na mfalme wetu, na hatuna mwingine anayeweza kuwa hayo yote. Wakumbuke Rais wetu, wabunge wetu, magavana na majaji. Mpe kila mmoja kukaa kwa mlango wake, na ujasiri wa kusimama siku mlango huo utakapobishwa vibaya. Ukumbuke mkutano wetu wa Jumapili ya mwisho. Na sisi tunaohudumu madhabahuni pako, usituache na mioyo yetu peke yetu. Katika jina la Yesu, Amina.